Mafuta ya Transfoma Yakiishia Kwenye Karai, Anayeulizwa ni Mama

Mtoto akizaliwa na kilo mbili na robo mtaani kwetu, maswali yote humwendea mama yake. Muuguzi anamuuliza kama alimeza vidonge vya kuongeza damu na kama alilala kwenye chandarua. Mama mkwe anataka kujua kwa nini alikuwa akibeba ndoo za maji mpaka mwezi wa nane. Mawifi wanakumbushana kuwa tangu zamani huyu hapendi mboga za majani. Maswali mengine ni ya haki kabisa, kwa kuwa malaria, upungufu wa damu na lishe duni hupunguza uzito wa mtoto tumboni, na kliniki inafanya vyema kuyafuatilia. Lakini lipo swali ambalo hatujalisikia likiulizwa kwenye chumba kile cha mzani, na sisi wakazi wa mitaa hii tumechoka kulisubiri. Chipsi alizokula dada huyu muda wote wa ujauzito zilikaangwa kwa mafuta gani, na mafuta hayo yalitoka wapi?

Tunauliza kwa sababu nusu ya jibu tunalo. Umeme unakatika usiku wa manane, mtaa mzima unalala gizani, na asubuhi fundi akipanda nguzo anakuta transfoma imekauka. Kuna mtu alifungua koki ya chini, akakinga dumu, akashuka taratibu. Mafuta yale yana soko. Wapo wanaoyachanganya kwenye dizeli, na hao tunawajua kwa jina la wachakachuaji. Wapo mafundi wa kuchomelea wanaoyamimina kwenye mashine zao za kienyeji ili zisichemke. Na wapo wanaoyapeleka kwa wakaanga chipsi, wakaanga samaki na wauza maandazi. Habari hii haikutungwa kijiweni. Shirika la umeme lenyewe limekuwa likiitangaza kila baada ya muda, kwamba mafuta yake yanaibwa na mengine yanaishia kwenye vyakula. Kenya nako wamepata adha hiyo hiyo, mpaka mwaka 2014 vyombo vya habari vya nje vikaandika jinsi chipsi za kando ya barabara zinavyozima umeme wa nchi.

Kinachotuuma ni jinsi tangazo linavyotolewa. Tunatajiwa transfoma ngapi zimeharibika, shirika limepata hasara ya fedha kiasi gani, wateja wangapi wamekosa huduma. Kisha tunaombwa tuwe walinzi wa miundombinu ya taifa. Kuhusu waliokula, hakuna neno. Kama mafuta yaliingia kwenye karai, basi yaliingia kwenye miili ya watu, na baadhi ya watu hao walikuwa wajawazito. Hiyo ndiyo hasara ambayo hatujaona mtu akiihesabu.

Hebu simama jioni kwenye kibanda chochote chenye foleni. Karai limekaa juu ya mkaa, mafuta meusi yamefika katikati, viazi vinashushwa kwa kijiko cha matundu. Mkaanga chipsi anayetumia mafuta ya kula anajua tabia yake: yakishakaangia siku mbili tatu yanatoa povu, yanakuwa mazito, yanatoa moshi wa kukereketa koo, inabidi aongeze mengine. Mafuta ya transfoma yanastahimili moto kwa muda mrefu zaidi, maana yalitengenezwa yakae ndani ya chuma chenye joto miaka na miaka bila kuharibika. Anayeyauza anaisifia sifa hiyo hiyo: haya hayaishi upesi, kaka, jaribu mwenyewe. Bei ya mafuta ya alizeti na ya mawese ilivyopanda miaka ya karibuni, maneno kama hayo yanaingia masikioni kwa urahisi. Mteja haoni tofauti. Chipsi zinatoka na rangi nzuri, zinavunjiwa mayai, zinawekewa kachumbari na pilipili, na mwenye mimba ya miezi minne aliyeshindwa kula ugali tangu asubuhi kwa kichefuchefu anashukuru Mungu kwamba angalau hiki kimekaa tumboni.

Sasa tuseme kilichomo. Mafuta mengi ya transfoma ni ya petroli, na peke yake hayo hayafai kuliwa na binadamu. Lakini kwa miongo kadhaa viwanda vilitumia pia kemikali za jamii ya PCB, ama zenyewe ama zikichanganyikana na mafuta. Zilianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1929 huko Marekani. Wahandisi walizipenda kwa kuwa haziwaki moto kirahisi, hazipitishi umeme na haziozi. Ziko za aina 209, na dunia ilitengeneza zaidi ya tani milioni moja kabla ya nchi moja baada ya nyingine kuzipiga marufuku. Japani ilisimamisha mwaka 1972, Marekani mwaka 1979. Sifa ile ile iliyowafurahisha wahandisi ndiyo balaa yetu. Kitu kisichooza ndani ya transfoma hakiozi kwenye udongo, wala kwenye samaki, wala kwenye mwili wa mtu. PCB hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo mkojo hauwezi kuzitoa. Hujificha kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo miaka, nyingine kumi na zaidi.

Hapo ndipo hadithi inapomfikia mtoto. Binti anaweza kula chipsi hizo akiwa shuleni, akaacha, akaolewa, akapata mimba akiwa na miaka 25, na mzigo aliouokota utotoni bado anao. Mimba ikiingia, mwili unaanza kuyatumia mafuta uliyoyaweka akiba, na kilichojificha humo kinarudi kwenye damu. Kondo la nyuma, ambalo tumezoea kuliona kama ngome, linazipitisha. Damu ya kitovu cha watoto wachanga imepimwa katika nchi nyingi na kukutwa na PCB. Ndani ya tumbo kemikali hizi huingilia homoni, hasa zile za tezi ya shingo, ambazo ndizo zinazoongoza kukua kwa mwili na ubongo wa mtoto ambaye bado hajaweza kutengeneza za kwake za kutosha. Mtoto hahitaji kipimo kikubwa ili aguswe. Dozi ambayo mama haisikii kabisa inaweza kumgusa aliye tumboni.

Anayesema haya ni makisio ya watu wenye hofu, asome yaliyowapata Wajapani. Mwaka 1968, kusini magharibi mwa Japani, watu walianza kutokwa na chunusi kubwa nyeusi, macho yakatoa tongo, viungo vikafa ganzi. Kabla yao walikufa kuku, mamia ya maelfu, mwanzoni mwa mwaka huo huo, na waliohusika na chakula cha mifugo hawakuwaonya wale wa chakula cha watu. Chanzo kilikuwa mafuta ya kupikia ya pumba za mpunga yaliyotengenezwa na kampuni ya Kanemi. Kiwandani, PCB zilizungushwa kwenye mabomba ili kupasha mafuta moto, bomba likatoboka, kemikali ikavujia kwenye mafuta ya kula. Joto kali lilikuwa limeshazigeuza baadhi ya PCB kuwa furani, ambazo ni sumu kali zaidi. Wanawake waliokuwa wajawazito walizaa watoto wadogo kuliko umri wa mimba, wenye ngozi ya rangi ya kahawia iliyokolea isiyo ya kawaida. Wengine walizaliwa wafu. Wajapani wakauita ugonjwa huo Yusho.

Miaka 11 baadaye, 1979, mkasa ukajirudia Taiwan, vilevile kwa mafuta ya pumba za mpunga, na watu wapatao 2,000 wakaathirika. Huko watafiti waliwafuatilia watoto kwa muda mrefu. Waliozaliwa na akina mama wale walikuwa wadogo kwa umbo na walichelewa katika makuzi yao. Jambo linalotukosesha usingizi ni hili: watoto waliozaliwa hata miaka sita baada ya mama kuacha kula mafuta yale walionekana kuathirika sawa na waliozaliwa mwanzoni. Mama ameshaacha, amesahau, amehama mtaa, na bado.

Tunakubali kwamba Japani na Taiwan yalikuwa maafa ya dozi kubwa. Basi tuangalie dozi ndogo za kila siku. Mwaka 1984 Joseph na Sandra Jacobson pamoja na wenzao walichapisha utafiti wa akina mama wa Michigan, Marekani, waliokula samaki wa ziwa lililochafuliwa na PCB. Watoto wao walizaliwa wakiwa pungufu kwa gramu 160 hadi 190 ukilinganisha na wa akina mama wengine, na vichwa vyao vilikuwa vidogo kidogo. Watoto hao walipofika miaka 11, wale ambao mama zao walikuwa na PCB nyingi zaidi walikuwa nyuma darasani, katika umakini na katika kusoma. Halafu mwaka 2012 watafiti wa Ulaya wakaunganisha takwimu za karibu wanawake 8,000 kutoka nchi mbalimbali. Kila maikrogramu moja ya ziada ya aina iitwayo PCB-153 katika lita ya damu ya kitovu iliendana na pungufu la takriban gramu 150 za uzito wa mtoto.

Gramu 150, atasema bwana mkubwa mmoja, ni uzito wa mayai mawili matatu. Kwa mtoto wa kilo tatu na nusu huenda ni kitu kidogo. Kwetu, ambako mama ameshapambana na malaria, damu yake ipo chini na anapikia mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mtoto alikuwa afikie kilo mbili na nusu kwa shida. Ukimwondolea gramu hizo anadondoka upande wa pili wa mstari, upande wa watoto wanaopoteza joto upesi, wanaoshindwa kunyonya vizuri, wanaohitaji kubebwa kifuani siku nzima ili waishi. Wanaokua wakitokea huko wana uwezekano mkubwa zaidi wa kisukari na shinikizo la damu ukubwani. Ndiyo maana tunakataa hesabu ya wastani inayofanywa kwenye meza ya watu walioshiba.

Wataalamu wanatuambia tusikimbilie hukumu. Tafiti hazikubaliani zote; mama anayekula samaki wengi anapata pia virutubisho vinavyomkuza mtoto; mama aliyeongezeka uzito sana katika ujauzito anaonekana kuwa na PCB chache kwenye damu kwa kuwa zimesambaa mwilini, na hilo linaweza kuchanganya hesabu. Haya tunayapokea. Hatusemi kila njiti wa wodi yetu ametokana na karai. Tunachosema ni kwamba ushahidi unaelekea upande mmoja kwa zaidi ya miaka 50, na kusubiri uhakika kamili maana yake ni kuutafuta uhakika huo ndani ya matumbo ya wake zetu, dada zetu na binti zetu.

Jibu jingine tunalopewa ni kwamba transfoma za siku hizi hazina PCB. Mpya, ndiyo. Lakini nchi hii haikufungiwa umeme jana. Transfoma huishi miaka 30, 40, na katika muda huo hufunguliwa, huongezwa mafuta, husafishwa kwa pampu ile ile iliyotoka kusafisha nyingine ya zamani. PCB kidogo iliyobaki kwenye mpira wa pampu inahamia kwenye transfoma ambayo haikuwa nayo. Ndiyo sababu mikataba ya kimataifa haikuishia kwenye kupiga marufuku utengenezaji, ikaweka na kiwango, sehemu 50 kwa milioni, ambacho mafuta yakikifikia yanahesabiwa kuwa yamechafuka. Na kupima si kazi ya miujiza. Vipo vifaa vidogo vya kupimia pale pale chini ya nguzo, unachanganya tone la mafuta na kemikali, rangi inakuambia kama kuna klorini, na yanayotiliwa shaka yanapelekwa maabara. Anayetuambia transfoma ya mtaa wetu ni safi atuonyeshe karatasi ya kipimo chake.

Mkataba wenyewe ni wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kufanya kazi mwaka 2004, mwaka ambao Tanzania na Kenya ziliuridhia. Umesema nchi ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025, na taka zake ziwe zimeshughulikiwa kwa njia salama ifikapo 2028. Tarehe ya kwanza imefika. Ni wananchi wangapi wa kawaida waliowahi kuelezwa kwamba ahadi hii ipo? Mikutano ya serikali ya mtaa tunahudhuria. Tunaelezwa habari za taka, za ulinzi shirikishi, za michango ya madawati. Hili halijawahi kuwa ajenda.

Tena si karai tu. Pita kwenye kibanda cha fundi wa kuchomelea, uangalie ardhi ilivyolowa pale mashine inapovuja. Pita chini ya nguzo ambayo transfoma yake ilipasuka wakati wa mvua, mchanga bado ni mweusi na watoto wanachezea hapo hapo gololi. Kuku wa kienyeji wanaparua udongo ule, wanadonoa wadudu wake, na PCB zinaingia kwenye kiini cha yai, maana ndipo penye mafuta. Yai hilo la kienyeji ndilo tunalomshauri mjamzito ale ili mtoto apate nguvu. Wapo hata waliouziwa mafuta ya transfoma kama dawa ya kupaka kwenye vidonda.

Na tunapolalamika tunakumbuka kwamba uzembe wa aina hii una historia. Pale Vikuge, Kibaha, mwaka 1986 ililetwa shehena kubwa ya dawa za kuulia wadudu kama msaada, ikiwamo DDT, nyingine zikiwa zimeshapita muda wake. Zikawekwa kwenye banda la wazi, banda likaja kuanguka, dawa zikazama ardhini. DDT nayo ni ya ukoo ule ule wa visivyooza. Mabaki yake yamekutwa kwenye maziwa ya akina mama wa Arusha waliojifungua mwaka 2012, na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliyahusisha mabaki hayo na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na wenye uzito mdogo. Hapa tuseme jambo moja kwa sauti ili asitokee mama wa kuogopa: maziwa ya mama yabaki kuwa chakula cha kwanza cha mtoto. Faida zake ni kubwa kuliko hatari hii, na wataalamu wa afya duniani wanasisitiza hivyo. Anayetakiwa kubadilika ni yule anayeachia sumu, mama aendelee kunyonyesha.

Kwa mwizi wa mafuta hatuna huruma. Lakini wakaanga chipsi wengi ni vijana wetu, wanaanza na karai la kuazima na gunia moja la viazi, na wengi wananunua mafuta kwenye dumu lisilo na nembo bila kujua asili yake. Kuwakamata wao siku moja kwa mbwembwe za kamera na kuwaachia kesho yake hakutusaidii. Dumu linatoka mahali. Kuna anayelijaza, kuna anayelisafirisha, kuna anayelichanganya na mafuta ya alizeti ili harufu ipotee. Koki ya transfoma ina mlinzi wake kisheria, naye ni shirika linalotukata fedha kila tunaponunua umeme.

Kwa hiyo tunadai, na tunadai kama watu wanaolipa. Shirika la umeme lipime mafuta ya transfoma zote za zamani na matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, nguzo kwa nguzo. Zile zilizo chini ziinuliwe, zenye koki rahisi zifungwe, na mpya zinunuliwe zisizofunguka au zisizotumia mafuta kabisa. Mamlaka za chakula zichukue sampuli kutoka kwenye makarai bila kutoa taarifa kabla, na zipime alama za mafuta ya petroli na PCB, badala ya kuishia kukagua vitambulisho vya afya na usafi wa aproni. Wizara ya afya ianze kupima damu ya kitovu kwenye hospitali chache, mijini na vijijini, ili siku moja tuzungumze kwa takwimu zetu. Na kliniki ya wajawazito iongeze swali moja kwenye maongezi yake, bila kumtisha mtu.

Wewe unayesoma haya, ukiona transfoma inavuja au dumu linashuka nguzoni usiku, piga simu usiku huo huo. Ukinunua mafuta ya kupimiwa, muulize muuzaji ameyatoa wapi. Ukiwa na mjamzito nyumbani, mkaangie viazi mwenyewe kwa mafuta unayoyajua. Na kwenye mkutano ujao wa mtaa, nyoosha mkono uulize transfoma yetu ilipimwa lini.